Vitanda vya Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Tumevuka mpaka! Saa nne asubuhi. Muhuri umegongwa kwenye pasipoti, ukurasa wa kwanza kabisa. Mama mkwe akataka kuuona wa kwake. Akausogeza mpaka puani. Mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili, siku hizi anaona rangi na vivuli tu. "Wamenigongea vizuri?" Vizuri, Mama. "Isije ikawa wewe umegongewa mkubwa kuliko wangu." Tukacheka mpaka askari akatutazama.

Mchana tukafika kwenye nyumba ya wageni. Sikutegemea kitu kizuri hivi. Kuta nyeupe, ua katikati, maua yanatambaa mpaka juu ya paa. Sakafu ya mbao, ukiikanyaga inaguna kidogo kama mtu aliyeamshwa. Sabuni ndogo ya mviringo kwenye kisahani chake. Mashuka nimeyakagua, ndiyo kazi yangu — pamba nzito, pindo la vidole vitatu, mshono umenyooka. Aliyeyashona anajua.

Na kitanda.

Nilikitambua kabla sijatua begi. Miguu minene, ubao wa kichwani umekatwa kwa mviringo wa pole, kama bega la mtu aliyelala ubavu. Msumari hakuna hata mmoja. Mama hakusubiri kuambiwa. Akavua viatu, akapiga magoti, akaingia uvunguni! Miaka sabini na moja! Mama wa usafi akaingia na taulo, akaona miguu miwili imetokeza chini ya kitanda, akapiga ukelele. Nikamwambia mama yangu amedondosha hereni. Mama hata masikio hajatoboa.

"Ni yeye," akasema huko huko chini. "Ulimi umeingia kwenye tundu lake, wembe haupiti. Huyu ni mwanangu."

Miaka sita tangu mume wangu aondoke. Miaka miwili ya kwanza alipiga simu kila Jumapili: nyumba za wageni zinafunguliwa kila kona, wanataka vitanda vya mkono, kazi ikiisha narudi. Halafu kimya. Miaka minne bila hata salamu. Mwezi uliopita dereva wa lori akamwambia Mama ameviona vitanda vyake, na mahali ni hapa. Mama akasema twende tumtafute, mimi sina macho, wewe unayo. Nikafunika cherehani, tukaja.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala kwenye kitanda cha mume wangu. Mwenyewe hayupo, kitanda kipo.

Nilijinyoosha nikaweka mkono kwenye ubao wa kichwani. Laini. Ameupiga msasa mpaka kona ambazo mgeni hazigusi. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Namwambia inatosha, ananiambia wewe na pindo lako la ndani nani analiona?

Chai uani. Mkate wa moto, mayai, na birika limevishwa sweta ya sufu! Ina mikono miwili kabisa, mmoja unatoa mdomo, mmoja unatoa mpini. Mama akalipapasa. "Mtoto huyu wa nani, ana joto kali?" Mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa. Mzee mpole, shati lina mkunjo wa pasi. Kiswahili chake anakivuta mwishoni, lakini tunaelewana. Fundi anamkumbuka. Alikaa miezi minane, akaunda vitanda kumi na viwili. Kutoka hapa alikwenda nyumba ya ziwani, safari ya nusu siku kwa basi.

Nikauliza: na huko anaishi peke yake?

Mzee akainuka akaanza kumwagilia maua. Yale yale aliyoyamwagilia tulipokuwa tunakunywa chai.

Niliona. Nikajifanya sikuona.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba ya ziwani. Ingekuwa safari nyingine ningesema hapa ndipo pa kuzeekea. Ngazi za mbao, vibaraza viwili, madirisha ya buluu. Ukifungua dirisha maji yako pale, unaweza kudhani yamekuja kukusalimu. Vitanda vyake viko vyumba vyote.

Mama kapumzika. Mimi nikaenda wanapofulia kuomba pasi. Dada anayefua hapa, mnene, mchangamfu, akaniachia meza. Nikasifia vitanda. Nilitaka tu kumsikia mtu akimtaja.

"Fundi wetu huyo! Mkewe ndiye aliyekuwa anapiga pasi hapa, meza hii hii uliyosimama. Mcheshi huyo! Walioana hapa hapa, tulicheza mpaka viatu vikakatika. Waliondoka na kichanga mgongoni, miaka mitatu sasa."

Nikaendelea kupiga pasi.

"Dada, unaunguza!"

Gauni langu la safari sasa lina doa la kahawia, umbo la pasi, kiunoni. Nikasema ni la zamani, halina neno. Nikajikaza kisabuni mpaka kwenye ngazi. Kwenye ngazi nikakaa.

Nikahesabu. Kichanga. Miaka mitatu hivi iliyopita. Kwa hiyo zile Jumapili za mwisho, anaponiuliza mvua zimenyesha huko? — alikuwa na mtu pembeni.

Jioni nikamtia Mama dawa ya macho, matone mawili kila jicho. Moja likaingia sikioni. Wamesemaje huko chini? akauliza. Nikamwambia wanasema alikuwa hapa, akahama, mahali pake pengine panajulikana. Kwa nini nimwumize? Ana miaka sabini na moja. Nitabeba mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Hatukutoka.

Sijala. Nimesema tumbo.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa kibarazani baada ya chai. Mama amejifunika shali. Akasema, bila kugeuka: "Macho ndiyo yamekufa. Masikio mazima. Dirisha la chumba chetu liko juu ya pale wanapofulia."

Nikamshika mkono. Nikamwambia pole, Mama. Nikadhani namfariji! Nikamwambia mwanao amekosa, lakini ni mwanao, na mjukuu ni mjukuu, usijali kuhusu mimi. Nilizungumza kama mjinga. Akaniacha nimalize.

"Nilijua," akasema.

Ulijua nini?

"Yote. Alinipigia kwa simu ya mjomba wake. Mke, mtoto, yote."

Lini?

"Miaka miwili."

Miaka miwili! Miaka miwili nampikia, namwogesha, namsomea vikaratasi vya dawa. Jioni tunakaa tunasema labda mwezi huu atapiga. Na yeye anaitikia, labda! Nikamwuliza dereva wa lori je. Hakuna dereva. Mwanawe ndiye aliyemwita, aje amwone mjukuu, akipenda akae moja kwa moja. Nyumba hizi mbili Mama alizijua kwa simu, akapanga tupitie kwanza.

Kwa nini usiniambie nyumbani, Mama? Kwa nini uniburuze huku kote?

"Kinywa kilikuwa kizito. Nikasema ukiona vitanda, ukisikia wanaomjua, utafika kule umeshajua mwenyewe. Sitalazimika kulitamka."

Na hiyo miaka miwili?

Akaanza kulia. Macho yale hayaoni lakini machozi yanayo. "Ningekuambia ungeondoka. Wewe ni kijana, ungeolewa, ungeenda zako. Mimi ningebaki na nani? Mwanangu aliniacha kama alivyokuacha. Nilikuwa na wewe tu."

Nilishuka mpaka majini. Nilikaa kwenye jiwe mpaka jua likaniuma kichwa. Mume niliyekuwa namlilia nilishaanza kumzoea kama kidonda cha zamani. Lakini Mama! Mtoto wetu alipozaliwa hapumui, ni Mama aliyemfunga kwenye kitambaa. Mume alikuwa karakana, anapiga randa, hakutaka kuingia. Miezi saba baadaye akaondoka. Mama ndiye aliyelala chini ya miguu yangu siku arobaini. Nilisema nimefiwa, nimeachwa, lakini nina mama.

Jumapili, 10 Machi

Hatusemeshani. Mhudumu alitutengea meza moja, nikahamia nyingine. Akahamisha sahani. Mama akaomba aletwe kwenye meza yangu. Nikarudi ile ya kwanza. Masikini mhudumu, ana kijiko cha nani sijui mkononi, hajui akitue wapi. Siku nyingine tungecheka wote watatu.

Saa tano nikachukua begi nikaenda kituoni. Nikasimama kwenye foleni ya basi la kurudi nyumbani. Watu wawili mbele yangu, kisha mmoja. Karani akaniuliza wapi? Nikafungua mkoba kutoa tikiti ya marejeo. Nikakuta kichupa cha dawa ya macho. Nimekichukua! Sikuazimia. Kimekaa mkobani kwa mazoea.

Karani akauliza tena, wapi, dada?

Nikarudi. Mama alikuwa amekaa pale pale, uso ameuinua, anangoja matone yake. Nikamtia. Hakuuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia: nakufikisha kwa mwanao, halafu mimi na wewe basi. Akasema, "Haya, mwanangu." Nikamwambia usiniite hivyo. Akasema, "Haya."

Jumatatu, 11 Machi

Tuko kwake.

Nikiwa na nguvu niandike vizuri.

Nyumba yake ya wageni iko mlimani, barabara ya kokoto. Vyumba vinne juu, chini sebule na jiko, karakana nyuma. Nilisimama langoni sikuweza kuinua mguu. Naijua nyumba hii. Tuliichora! Mwaka wa kwanza wa ndoa, nyuma ya karatasi yangu ya kukatia mikono ya sare za shule, yeye na penseli yake ya sikioni. Vyumba vinne, alisema, tusiwe na tamaa. Mimi mapazia, nikasema, wewe vitanda. Ngazi upande wa kulia ili mgeni akiingia aone mwanga. Ngazi iko upande wa kulia. Mwanga upo.

Hayupo. Amefuata mbao, anarudi Jumatano.

Mke akatoka mbio, anajipangusa mikono kwenye aproni. Mfupi, ana mwanya, tumbo la miezi sita. Akapiga magoti kwa Mama, akamkumbatia miguu. Na msichana mdogo nyuma yake, miaka mitatu, uso — uso ni ule ule. Mama akampapasa paji la uso, pua, kidevu. Akapapasa tena. Nikaangalia pembeni.

Kisha mke akaniangalia. "Na huyu?"

Mama akaishika vizuri fimbo yake. Nikangoja aseme. Akasema: "Huyu ni binti yangu."

"Wifi!" Akanirukia shingoni. "Mwanamume yule! Hajaniambia kama ana dada! Karibu, wifi, karibu sana!" Hata jina hakuuliza. Wifi lilimtosha. Akamsukuma mtoto: msalimie shangazi.

Nikaamkiwa. Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini?

Amenipa chumba namba tatu, chenye dirisha la mlimani, kizuri kuliko vyote. Kaniwekea maua kwenye glasi.

Jumanne, 12 Machi

Nilitaka kumchukia. Niliamka na nia hiyo kabisa.

Anaimba akiosha vyombo, anakosea maneno. Wageni wawili waliolala chumba namba moja wanaondoka wanamkumbatia kama ndugu. Anachemsha maji ya Mama ya kuoga kabla sijafika jikoni. Kaniuliza kazi yangu, nikamwambia mshonaji. Akashika kichwa. "Mungu amekuleta! Njoo uone aibu yangu."

Mapazia ya namba mbili. Ameyapinda mwenyewe, upande mmoja mrefu, mmoja mfupi, pindo linapanda na kushuka. Cherehani ipo. Nikafumua, nikapima, nikaanza upya. Yeye kakaa kwenye kitanda, miguu imevimba, anavuta nyuzi. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango na mtoto mapajani.

Mke akakata uzi, akasema: "Wifi, nikuulize kitu? Kaka yako hapendi kulisema. Yule mkewe wa kwanza — alikuwaje?"

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali.

"Najua alifariki kwenye uzazi, yeye na mtoto. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, alilia sana. Ndiyo maana nami mimba hii ananichunga kama yai. Mimi simwonei wivu marehemu, wifi. Kila nikisali namtaja." Akalitaja jina. Langu. Lote, na la baba yangu. "Alikuwa mwema?"

Mama akakohoa. Kikohozi kile si cha kifua.

Nikasema: alikuwa mtu wa kawaida tu.

"Alimpenda?"

Nikasema ndiyo. Alimpenda sana.

"Masikini," akasema, na macho yakamlengalenga. Kwa ajili yangu! Nimekufa, nimezikwa, nimeombewa miaka minne na mwanamke huyu mwenye mwanya, na mimi niko hapa napinda mapazia yake. Nikamaliza pindo. Limenyooka. Akaliinua kwenye mwanga akasema, wifi, mkono wako!

Nilimkuta Mama karakana, peke yake, anapapasa mbao. Nikamwuliza: hili la kifo nalo ulilijua? Akaapa. Hakulijua. Nikamshika. "Kakuzika," anasema. "Mwanangu kakuzika, na mimi nimekuleta kwenye matanga yako."

Nimemshika muda mrefu. Nilisema mimi na yeye basi. Lakini nimemshika.

Jumatano, 13 Machi

Saa tatu asubuhi. Mama kaja chumbani kwangu, anafuata ukuta kwa mkono. Akakaa kitandani.

"Sema unalotaka. Ukisema tuondoke kabla hajafika, naondoka nawe. Ukisema nibaki huku uende zako, nabaki. Lakini sema wewe."

Nikamwuliza, wewe unataka nini, Mama? Limenitoka, lile neno Mama.

Akafikiri. "Nataka vyote. Ndiyo maana nimeharibu vyote."

Nikamwambia nataka nimwone akiniona. Basi. Sitaki maelezo, sitaki kuombwa radhi. Anione niko hai.

"Na huyu binti wa watu?"

Tumbo la miezi sita, nyumba ameisugua kwa mikono yake, na kila chumba anakiamini. Nikifumbua mdomo namvunja. Nikifumba naondoka hapa marehemu. Mama akaniacha nikiangalia mlima.

Saa sita na robo. Lori limeingia uani.

Naandika haraka. Nilisimama ili nishuke, nikafika mlangoni, nikarudi. Nimekaa mezani. Dirisha liko wazi, nasikia kila kitu.

Sauti yake. Ile ile. Anamwambia mtu ashushe mbao taratibu, zisipasuke ncha. Mtoto anapiga kelele, baba, baba. Anacheka. Nilisahau anavyocheka, kicheko kinaanzia puani.

Mke: "Fumba macho! Nina wageni wako! Mama yuko ndani tangu juzi — na dada yako!"

"Dada?" Bado anacheka. "Dada gani?"

"Dada yako! Wifi mshonaji! Yuko juu, chumba namba tatu. Wifiii! Shuka, kaka yako kafika!"

Hacheki tena.

Mtoto anauliza umeniletea nini. Hajibiwi.

Sasa ni Mama. Fimbo yake inagonga barazani. Hasalimii. Mwana hajamwona miaka sita na hamsalimii! Anasema: "Weka hizo mbao chini."

Mama, anasema yeye. Mama, subiri kwanza, tuzungumze ndani.

"Hapa hapa. Mwambie mkeo aliye juu ni nani. Mimi nimenyamaza miaka miwili, sina nafasi tena. Mwambie wewe."

Mke anauliza ni nani? Anauliza mara ya pili, sauti imepanda. Baba mtoto, ni nani yuko juu?

Mbao imeanguka. Nimesikia mlio wake, mrefu, umegonga saruji.

Hajasema. Mwanamume mzima, hajasema!

Kuna mtu anapanda ngazi. Si yeye, yeye hupanda mbili mbili. Huyu anapanda moja, anapumzika, anapanda nyingine. Mkono unaburuzwa kwenye reli.

Amefika. Nasikia pumzi zake nyuma ya mlango. Hajabisha. Naandika ili mkono usipate nafasi ya kufanya kitu kingine.

Amebisha. "Dada," anasema. "Jina lako nani?"

Sasa analitaja yeye. Langu, na la baba yangu, taratibu, kama unavyomwita mtu uliyemkuta amelala.

Nimeitika. Abee — kama nilivyolelewa, kabla sijafikiri. Abee!

Kitasa kinazunguka. Naweka kalamu chini.